Somo: Kuisimba silabi ꆈ ya mwandiko wa Kiyi

Wakuu, leo tushughulike na alama moja tu: ꆈ, inayosomwa nuo. Tutaisimba kwa UTF-8, yaani njia ya kompyuta ya kuhifadhi herufi kwa baiti, mafungu ya biti nane nane. Ndiyo inayoanza neno ꆈꌠ, Nuosu, jina wanalojiita Wayi wa Liangshan, kusini mwa Sichuan, China. Sisi tunaandika n, u, o; wao silabi nzima ni alama moja, na toni yake imo humohumo.

Hatua ya 1: Tafuta namba yake. Yunikodi, orodha inayoipa kila herufi namba yake, iliziingiza silabi za Kiyi mwaka 1999, toleo la 3.0, kuanzia U+A000 hadi U+A48C, jumla 1,165. Yetu ni U+A188.

Hatua ya 2: Igeuze iwe biti, yaani 0 na 1. Namba hiyo ni ya heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F), na kila tarakimu ni biti nne. A ni 1010, 1 ni 0001, 8 ni 1000, na 8 tena 1000. Zipange: 1010000110001000. Hesabu zitimie 16, maana sifuri tatu za 0001 ndizo wengi huziangusha, na hapo kila kitu kinaharibika.

Hatua ya 3: Kata mafungu ya 4, 6 na 6: 1010, 000110, 001000. La kwanza litangulizie 1110, mawili yaliyobaki 10. Unapata 11101010 10000110 10001000.

Hatua ya 4: Zirudishe kwenye heksadesimali: EA 86 88. Hizo ndizo baiti zake tatu za UTF-8.

Ukiona kisanduku kitupu, usiziguse baiti. Kilichokosekana ni fonti. Weka Noto Sans Yi au Nuosu SIL.

MASWALI

Mkuu, kile kiupinde kinachokaa juu ya baadhi ya silabi nakiongezaje?
Hakiongezwi. Kila silabi yenye kiupinde ina namba yake: ꀂ isiyo nacho ni U+A002, na ꀁ yenye nacho ni U+A001.

Mbona ꀕ, U+A015, imeandikwa kuwa ni silabi wu, na kwenye maandishi haisomeki hivyo?
Umeona vizuri sana. Hiyo si silabi, ni alama ya kurudia silabi iliyotangulia. Jina lilikosewa, na kwa kanuni ya Yunikodi jina likishatoka halibadilishwi. Wameongeza jina la pili la kusahihisha. Inaniuma, kwa sababu anayejifunza kwa orodha ya majina peke yake atapotoka.

Nimejaribu ꌠ, U+A320, nikapata EA 8C A0. Niko sawa?
Sawasawa kabisa, ndugu. Sasa itangulizie EA 86 88, fungua faili, utamsoma Nuosu kwa mwandiko wake.