Kabla hujapanda Matera kwa sikukuu ya tarehe 2 Julai

Chumba tafuta miezi kadhaa kabla. Maji beba, kofia beba; jua la Julai kusini mwa Italia halina mzaha. Sanduku la magurudumu liache nyumbani: Sassi, ile mitaa ya mapango, ni ngazi juu ya ngazi, na mawe yake yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza. Begi la mgongoni, basi.

Wazee usiwaelekezee simu usoni ukiwauliza kama walizaliwa pangoni. Sheria ya mwaka 1952 ilianza kuwahamisha watu wapatao 15,000 humo, mji ukiitwa aibu ya taifa. UNESCO ilikuja kuyatambua mapango hayo hayo mwaka 1993. Waache waanze wenyewe.

Sasa viatu. Hapa nisikilize vizuri.

Sikukuu yenyewe, ya Madonna della Bruna, yaani Bikira Maria, ipo tangu 1389. Alfajiri kuna maandamano ya wachungaji. Jioni sanamu ya Madonna hupandishwa kwenye gari linalokokotwa na baghala, limejaa malaika na watakatifu wa karatasi na gundi, kazi ya miezi. Likishazunguka mara tatu uwanja wa kanisa kuu, kule juu kabisa, Madonna hushushwa. Gari, sasa bila Madonna, hupelekwa uwanja wa Vittorio Veneto, na huko watu hulirarua. Makusudi, kila mwaka. Kila mtu anataka kipande cha baraka, na mwakani litaundwa jingine.

Yote hayo niliyajua, na bado nikavaa ndala. "Shemeji, tusogee pembeni," kaka wa mume wangu akaniambia. Nikamjibu nataka picha. Farasi wa walinzi wa gari walipopita tu, umati ulinibeba hatua kama ishirini bila miguu yangu kugusa chini. Ndala moja ikaenda. Kijana akanikanyaga dole gumba akikimbia, amekumbatia mkono wa malaika, vidole vyote vitano vizima, machozi yanamtoka kwa furaha. Picha niliyopata ni ya kisogo. Ngazi za Sassi nilizipanda peku usiku ule, ukucha unaning'inia, shemeji nyuma yangu kimya. Afadhali angenisema.

Kwa hiyo vaa vya kufunga kamba. Mkoba uwe kifuani. Watoto wasifike kabisa uwanjani pale. Kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipotezana, maana fataki zikianza hakuna anayesikia simu yake.