Mtoto atasemaje? Namna ya kuipa biashara ndogo jina na sura

Kibanda changu kiko komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kimebanwa katikati ya butiki mbili. Ninachapa etiketi, kadi za biashara, afishi za ndoa na za matanga. Umeme ukikatika ninatoa kiti nje na kutazama watu wakinunua. Kazi yangu nimejifunzia zaidi kwenye kile kiti kuliko kwenye kompyuta.

Mteja mkubwa wa butiki ni mtoto. Katumwa na mama yake, pesa kaikunja kiganjani, anafika kwenye nondo za dirisha na kusema: "Nipe ile ya kuku." Hasemi jina ulilokesha ukilitafuta. Anasema alichokiona kimechorwa. Mwenye butiki anageuka, anatazama rafu, na kama makopo mawili yana kuku, basi huenda umemuuzia jirani yako. Ndiyo maana mtu akija kwangu kutaka chapa, swali langu la kwanza ni hilo: mtoto atasemaje?

Alinijia mama mmoja wa Katuba, mtengenezaji wa pilipili ya mafuta. Jina alikuwa nalo tayari, maneno manne ya Kifaransa, neema imo, baraka imo. Nikamwambia, "Mama, lisome upesi mara tatu." Mara ya pili ulimi ukakwama, akacheka mwenyewe. Tukaishia kwenye neno moja la Kiswahili, silabi tatu. Kwenye mchoro alitaka pilipili nyekundu. Nikamwonyesha makopo ya butiki: wote wamechora pilipili nyekundu. Tukachora mwiko. Hapa kwetu hakuna nyumba inayosonga bukari bila mwiko, na mtoto wa miaka mitano anaujua, pengine umeshamgonga.

Rangi nazo hapa mjini zina wenyewe. Timu zetu za mpira zimezichukua: nyeusi na nyeupe ni Mazembe, njano na buluu ni Lupopo, na kuna wanunuzi watakaokununia kwa sababu hiyo tu. Chagua rangi moja ya kubeba etiketi na nyingine ya herufi, zinazopingana vizuri, halafu uache. Nyeupe tupu naikataa: kiangazi kikikolea, vumbi letu jekundu linaifanya ionekane bidhaa ya mwaka juzi.

Sasa kipimo. Usinitumie picha ya kopo, niletee kopo lenyewe. Chukua kipande cha karatasi, lizungushie, weka alama ncha zinapokutana. La mama lilizunguka sentimita 20, tukakata etiketi ya 18 ili pabaki pengo la kuonyesha pilipili yenyewe, maana mnunuzi anataka kuona mafuta. Kimo alitaka sentimita 6. Karatasi ya A4 ina 21 kwa 29.7, kwa hiyo za kimo cha 6 zinaingia nne. Ukipunguza hadi 5.5 zinaingia tano. Kwa makopo 100 ni karatasi 20 badala ya 25, na karatasi ya gundi si ya bure. Nusu sentimita hiyo hakuna aliyeiona imepungua.

Kabla ya kuchapa zote, chapa moja. Ibandike kwenye kopo lililojaa, ipake mafuta kwa kidole, iache usiku kucha, asubuhi ipanguse kwa kitambaa kibichi. Ya mama ilitoka yote, mwiko ukabaki kama doa la chai. Nilikuwa nimetumia mashine ya wino wa maji. Wino wa aina hiyo, kwenye karatasi ya kawaida, ukikutana na maji unakimbia. Mashine ya leza inayeyusha unga juu ya karatasi kwa joto, kwa hiyo maji hayauondoi kirahisi. Hata hivyo mafuta yanapenya karatasi pembeni na kuifanya ing'ae kama sambusa. Dawa yake ni kuifunika yote kwa skochi pana ya kung'aa, ipite ukingo wa etiketi kila upande, au kununua karatasi ya gundi ya plastiki kama faida inaruhusu. Skochi inachosha mikono, lakini kwa makopo 100 inatosha.

Kisha simama hatua tatu kutoka kwenye kopo. Huo ndio umbali wa mnunuzi na rafu, kati yao kuna kaunta na nondo. Kama jina halisomeki, futa kitu. Watu wanapenda kuniwekea mstari wa Biblia, maua, bendera na picha yao wenyewe. Weka jina, mchoro, ni kitu gani, uzito, tarehe, kimetengenezwa wapi, na namba ya simu.

Faili lako usilitume WhatsApp kama picha. WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi, na nembo iliyopita kwenye simu tatu inanifikia imejaa vumbi. Itume kama hati. Mchoraji wako akupe nembo katika PDF iliyochorwa kwa mistari, ile inayokuzwa mpaka ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Ikiwa una picha ya kawaida tu, hesabu nukta 300 kwa kila inchi: nembo ya sentimita 3 inahitaji nukta kama 350 kwa upana. Na usishangae kijani cha simu kikitoka kizito kwenye karatasi. Simu inatoa mwanga, karatasi ina wino, haviwezi kulingana. Ukishaipenda rangi iliyo kwenye karatasi, ndiyo hiyo uitafute kwenye simu, si kinyume.

Kuhusu namba, nina aibu yangu. Kwenye ukuta wa kibanda niliandika namba kwa herufi za kimo cha mkono. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la binamu yangu. Simu ikaibiwa, binamu yuko safarini, nikanunua laini nyingine, nikasema nitapaka ukuta wiki ijayo. Miezi ikapita. Siku moja mteja akanijia amekasirika: "Yaya, namba yenu haipite, banasema ni ya mutu ingine." Kweli, ilikuwa imeshapewa mtu. Na kadi zangu 500 zilikuwa mitaani. Sajili laini kwa jina lako, na ukilazimika kuhama, tumia ile sehemu ya WhatsApp ya kubadilisha namba, inawajulisha watu wako.

Upande wa simu, pakua WhatsApp Business, haina malipo. Jaza saa za kazi, mahali, na katalogi yenye bei. Kwenye picha ya wasifu weka mwiko peke yake, bila jina, kwa sababu simu inaikata duara dogo na herufi zinageuka sisimizi. Ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inapokea watu 256, na haimfikii asiyehifadhi namba yako. Basi kila anayenunua mwombe aihifadhi hapo hapo. Statu inaishi saa 24, iweke jioni watu wakiwa nyumbani. Piga picha karibu na dirisha, bila flashi. Video iwe fupi. Mega za intaneti ni za mteja, si zako.

Karatasi za serikali: Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, inakupa namba ya RCCM, yaani ya daftari la biashara, lakini hiyo haikulindii chapa. Chapa inasajiliwa kando, kwenye wizara ya Viwanda, kwa sheria ya tarehe 7 Januari 1982, na ulinzi wake ni wa miaka 10, kisha unaongeza. Anza na RCCM.

Mama alirudi baada ya mwezi. Alitaka tubadilishe rangi, imemchosha. Nikamwambia imekuchosha wewe unayeiona kutwa, mtoto wa butiki ndiyo kwanza anaizoea. Hakufurahi. Nikafungua faili lile lile, mashine ikaanza kutoa karatasi zake 20. Ikiwa kwenye ya kumi na moja, kwenye dirisha la jirani kasauti kakasema, "Nipe ile ya mwiko."

"Imekwisha tangu juzi," akajibiwa.

Mama alinyakua zilizokwisha kutoka, hazijakatwa hata moja, akaondoka mbio kutafuta basi la Katuba.