Somo: Mfugaji anapokuuzia mbwa bila kumwachia

Mwaka juzi nilikwenda nje kidogo ya Nairobi kununua mtoto wa German Shepherd, jike. Mkataba ulikuwa na kurasa sita. Picha kila Jumapili. Chakula cha aina moja tu, anachouza mfugaji mwenyewe. Cheti cha nasaba kina majina mawili, langu na lake. Nilitia sahihi mtoto akiwa amelala mapajani mwangu, na kosa langu lilikuwa hapo hapo.

Hatua ya 1. Omba mkataba kwa WhatsApp kabla hujaenda kumwona mbwa. Akishakulamba kidole utakubali lolote.

Hatua ya 2. Chukua kalamu, tenga masharti. Mengine yanamlinda mbwa: asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, apate chanjo zote ikiwemo ya kichaa, asifungwe mnyororo kutwa, arudishwe kwa mfugaji ukishindwa kumtunza. Hayo yakubali. Mfugaji wa maswali mengi si mbaya. Mimi namwogopa zaidi yule asiyeuliza kitu mradi M-Pesa imeingia.

Mengine yanamfanya mbwa abaki wake: umiliki wa watu wawili, kudai uzao wa kwanza, kuja kwako bila taarifa. Hoja yake huwa ni kwamba hataki uzalishe ovyo. Sawa, lakini hilo halihitaji jina lake kwenye cheti. Kule Marekani, American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba, ina usajili wenye mipaka: mbwa anasajiliwa na ni wako, ila watoto wake hawasajiliwi. Sharti la kutozalisha mnaweza kuliandika wenyewe.

Hatua ya 3. Zungumza kabla ya kutoa arubuni. Usije na ukali. Sema, "Mama, sitamzalisha na niko tayari kuandika, ila naomba umiliki uwe wangu peke yangu." Kisha nyamaza, umwache ajibu.

Mfugaji akitaka mbwa ahasiwe mapema, tuseme akiwa na miezi sita, mwulize daktari wa mifugo kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa 2016 ulionyesha kuwa German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata zaidi matatizo ya viungo. Badala ya miezi sita, iandikwe "kwa ushauri wa daktari."

Hatua ya 4. Mstari uliofutwa utiwe sahihi na nyote wawili, kando yake. Piga picha.

Maswali ya wanachama

*Nimeshalipa arubuni, mkataba nimeuona leo. Nifanyeje?*
Omba irudishwe leo leo, kwa maandishi. Kama hamkuandikiana chochote usitarajie sana. Hata hivyo, afadhali arubuni ipotee kuliko miaka kumi ya simu.

*Mfugaji wangu ni mzee wa watu, anapiga kila wiki. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?*
Usimzimie simu. Mtangulie: tuma picha mwisho wa mwezi kabla hajauliza, na salamu za watoto. Wengi wanaogopa tu kwamba mbwa amekufa na hawakuambiwa.

*Mwalimu, na yale majina mawili uliyafuta?*
Yapo hadi leo. Jumapili iliyopita kapiga, hakuuliza picha. Kauliza kama jike ameshapata joto.