Mwalimu Mzoefu Anapotafuta Kazi Katika Wilaya Mpya ya Shule Marekani

Mwalimu wa Kenya anayehamishwa kutoka kaunti moja kwenda nyingine hubaki mwajiriwa wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, na cheo chake huenda naye. Marekani haiko hivyo. Huko kuna wilaya za shule takriban 13,000, na kwa kawaida kila wilaya ni mwajiri anayejitegemea, kwa hiyo kuhama ni kujiuzulu na kuomba kazi upya. Ndiyo maana mwalimu wa miaka kumi na mitano anaweza kutuma maombi msimu mzima asiitwe kwenye usaili, huku kijana aliyemaliza chuo juzi akipata darasa. Mwongozo huu ni kwa walimu wenzetu walioko huko ambao wamekumbana na ukuta huo na kuanza kudhani kwamba hawafai tena.

Aghalabu kikwazo ni gharama. Mishahara ya walimu hupangwa kwa jedwali ambalo mistari yake ni miaka ya kazi na safu zake ni viwango vya elimu, kuanzia shahada ya kwanza hadi ya uzamivu. Mwenye uzamili na miaka mingi yuko sehemu ya juu ya jedwali, na tofauti kati yake na anayeanza inaweza kuwa maelfu mengi ya dola kwa mwaka. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta jedwali la wilaya unayoitaka pamoja na mkataba wa pamoja kati yake na chama cha walimu, ikiwa upo. Nyaraka hizi mara nyingi huwekwa kwenye tovuti ya wilaya. Soma kifungu kinachohusu waajiriwa wapya wenye uzoefu. Wilaya nyingi huweka kikomo cha miaka wanayoitambua, na kikomo kikiwa miaka kumi, miaka yako mitano ya ziada haihesabiwi katika mshahara. Inauma, lakini pia ina maana kwamba wewe si ghali kama mwalimu mkuu anavyohofia. Liandike hilo katika barua ya maombi kwa sentensi moja ya heshima: kwamba umesoma jedwali lao na uko tayari kuanzia ngazi ambayo mkataba unaruhusu.

Wapo wanaoshauri kuficha shahada ya uzamili au kupunguza miaka kwenye wasifu. Siafiki hata kidogo. Fomu za maombi hudai historia kamili ya ajira na mwombaji huweka saini kwamba alichoandika ni kweli, hivyo uongo unaogunduliwa baadaye unaweza kukugharimu kazi yenyewe.

Leseni hutolewa na jimbo, si wilaya. Ukihama ndani ya jimbo lilelile leseni yako haiguswi, lakini ukivuka mpaka wa jimbo anza kushughulikia karatasi miezi mingi kabla. Makubaliano ya majimbo kuhusu leseni za walimu hayamaanishi kwamba leseni yako inahamia yenyewe, kwani jimbo jipya linaweza kudai mtihani au kozi ya nyongeza. Mwaka 2023 mkataba mpya wa kurahisisha uhamaji wa walimu ulipata majimbo kumi ya kwanza, yakiwemo Colorado, Utah, Oregon na Florida. Uliza kama unalokwenda limo na kama limeanza kuutekeleza.

Barua ya kuthibitisha uzoefu hustahili uangalifu wa pekee. Barua inayosema tu kwamba ulifundisha kwa bidii kwa miaka mingi haitoshi. Inatakiwa itoke kwa mwajiri, ionyeshe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, somo na madarasa uliyofundisha, na kama ulikuwa wa muda wote au wa saa chache tu kwa wiki. Kwa aliyefundisha shule za serikali Afrika Mashariki, hiyo ni barua ya TSC nchini Kenya, au ya mkurugenzi wa halmashauri nchini Tanzania, na ni vyema uichukue kabla ya kusafiri. Kuna wilaya zinazotambua miaka ya nje ya nchi na kuna zisizoitambua.

Usijiuzulu kabla ya kushika mkataba mpya, lakini pia usichelewe. Mara nyingi nafasi hupewa kwanza walimu wa ndani wanaotaka kuhama shule, kisha hufunguliwa kwa watu wa nje, kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi. Texas, kwa mfano, mwalimu aliye chini ya mkataba anaweza kujiuzulu bila adhabu hadi siku 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Baada ya hapo, akiondoka bila ridhaa ya wilaya, leseni yake inaweza kuchukuliwa hatua.

Kwenye usaili, swali ambalo kamati haikuulizi kwa sauti ni kama utakubali kuongozwa, pengine na mtu mdogo kwako. Usilijibu kwa kuhesabu miaka. Eleza jambo la karibuni: wanafunzi waliokwama kwenye hesabu za sehemu, kama nusu na robo, ulivyoacha kanuni na kurudi kwenye mstari wa namba, na jaribio lililofuata lilivyoonyesha nani bado hajaelewa. Ukitakiwa kufundisha somo la mfano, uliza mapema mada, idadi ya wanafunzi na wangapi bado wanajifunza Kiingereza. Malizia kwa swali moja ambalo kila mtoto atalijibu kwenye kipande cha karatasi, kisha zisome karatasi hizo mbele ya kamati na useme kesho ungefundisha nini.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1967 inakataza ubaguzi wa umri dhidi ya wenye miaka 40 na zaidi. Hata hivyo, kukataliwa kwa sababu ya mshahara peke yake hakuhesabiwi moja kwa moja kuwa ubaguzi wa umri, kwa hiyo weka kumbukumbu za kila kilichosemwa.

Ukipewa kazi, kabla ya kusaini omba kwa maandishi ngazi utakayowekwa kwenye jedwali, kwa maana kuirekebisha baadaye ni vigumu, na uliza muda wa matazamio, kwani ulinzi wa ajira ulioupata kwingine kwa kawaida hauhamii nawe. Muda huo wa matazamio California ni miaka miwili, New Jersey ni minne.