Chukua futi kabla ya kuchukua pesa: namna ya kuchagua saundiba ya sebuleni

Natundika TV ukutani na kufunga ving'amuzi hapa Dar, zaidi njia ya Tabata, Segerea na Kinyerezi. Nikiwa bado nimeshika drili, swali huwa ni lile lile: fundi, hizi TV nyembamba sauti yake hafifu, nichukue saundiba ipi? Saundiba ni ile spika ndefu nyembamba inayolala chini ya TV. Mimi sitaji kampuni. Nauliza TV ni inchi ngapi, imekaaje, na hapa sebuleni mnasikiliza nini zaidi. Ukishajibu hayo, nusu ya mashine zilizopangwa dukani zinakuwa si zako.

Anza na futi. TV ya inchi 43 ina upana wa kama sentimita 96, ya inchi 55 kama 123. Saundiba isizidi hapo, maana ikitokeza pande zote mbili inakaa vibaya na watoto wataipiga kikumbo. Halafu pima kitu ambacho watu wengi hawakipimi: nafasi kutoka mezani hadi ukingo wa chini wa TV. Saundiba nyingi zina kimo cha sentimita 5 hadi 7, na TV nyingi za sasa zina miguu mifupi miwili huku na huku. Mashine ikiwa ndefu kuliko miguu inaziba kile kijicho cha rimoti kilicho chini ya TV, kisha kila mtu anabadilisha chaneli akiwa amesimama, mkono juu. Pima pia nafasi kati ya mguu na mguu. Na kama TV iko ndani ya kabati lenye pango, hakikisha saundiba itafika ukingoni kwa mbele. Ukiisukuma ndani, sauti inavuma humo humo pangoni.

Sasa namba zilizoandikwa kwenye boksi. 2.0 ni spika za kushoto na kulia tu. 2.1 inaongeza sabufa, yaani spika ya besi. 3.1 ina spika ya tatu katikati, na hiyo ndiyo inayobeba maneno ya watu. Hapo ndipo ninapobishana na wateja, hasa vijana, kwa sababu 3.1 ya bei fulani itakuwa na sabufa ndogo kuliko 2.1 ya bei hiyo hiyo, nao wanataka ukuta utetemeke.

Kuna mama mmoja Segerea, mpenzi wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mwanawe alimnunulia 2.1 yenye sabufa kubwa kweli kweli. Nilipomaliza kufunga, akakaa, akasikiliza, akaniita: "Mwanangu, vyombo kabatini vinanisalimia, lakini huyu dada anasema nini mbona simsikii?" Nikapunguza besi, nikaitoa sabufa kwenye kona, kwa kuwa kona huikuza besi, nikawasha modi ya mazungumzo kwenye rimoti. Ikawa afadhali. Lakini kwa nyumba ya tamthilia, taarifa ya habari na mahubiri, nunua yenye spika ya katikati na usiangalie nyuma. Kwa nyumba ya singeli na bongo fleva, chukua 2.1, ila kama umepanga na mnatumia ukuta mmoja na jirani, mfikirie naye.

Namba ya tatu, kama kwenye 5.1.2, ni spika zinazotazama juu. Zinarusha sauti igonge dari na kurudi kwako, ndiyo Dolby Atmos wanayoisifia. Inahitaji dari bapa, lisilo refu mno. Sebule zetu nyingi zina jipsamu ya ngazi ngazi yenye taa zilizofichwa, au hakuna dari kabisa, ni kenchi na mabati. Humo hela yako inapotelea hewani. Na mashine ikiwa imeandikwa Atmos bila spika za juu, inaigiza tu.

Wati zisikuzuzue. Boksi likiwa na tarakimu kubwa pamoja na herufi PMPO, hiyo ni namba ya kupamba boksi. Tafuta RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kwa muda mrefu kuliko umeme inaoingiza. Sebule ya kawaida yenye makochi, zulia na mapazia haihitaji mamia kwa mamia ya wati. Yenye marumaru tupu na madirisha ya aluminiamu inahitaji zulia kwanza.

Geuza TV yako uone matundu ya nyuma kabla hujatoka nyumbani, au piga picha. Unatafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC. ARC ilianza mwaka 2009, kwa hiyo hata TV ya siku nyingi inaweza kuwa nayo. Waya mmoja tu unapeleka sauti ya kila kitu, king'amuzi hadi YouTube, na rimoti ya TV inaongeza na kupunguza sauti ya saundiba. Bibi hahitaji kujifunza rimoti ya pili. Kama haipo, tumia waya wa optiko, ule unaotoa mwanga mwekundu. Uvue kofia ndogo za plastiki kwenye ncha zote mbili. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenda kuvua hizo kofia. Ukichomeka bado kimya, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, uchague PCM. Bluetooth iache kwa muziki wa simu. Kwenye picha mara nyingi inachelewesha sauti, mtu amekwisha kufunga mdomo ndiyo unamsikia.

Dukani nenda asubuhi. Kariakoo mchana, kila duka limefungulia lake, utasikia nini? Beba flashi yenye vitu unavyovijua: mtu anayeongea peke yake, kaswida au taarabu, halafu wimbo wenye besi. Muuzaji atakuwekea wimbo wake, mwache umalizike, kisha mpe flashi yako. Punguza sauti hadi chini kabisa, usikie kama maneno bado yanaeleweka, kwa sababu usiku watoto wamelala utasikiliza hivyo. Kisha pandisha karibu na mwisho usikie kama inakwaruza. Wapenzi wa redio, ulizeni mapema: saundiba nyingi hazina FM kama sabufa mlizozizoea. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa namba ya mashine.

Kwa wanaonunua mtumba, soma lebo ya umeme nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ikiandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Ikiandikwa 100V tu, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Japani. 120V tu, ni ya Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Sabufa isiyo na waya wa sauti bado ina waya wake wa umeme, kwa hiyo inataka soketi yake, na ina lebo yake. Zisome lebo zote mbili.