Kwenda Bujumbura kwa gari na watoto kutokea Kigoma: anza na vyeti vya kuzaliwa, gari litasubiri

Kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, hadi Manyovu mpakani hazifiki kilomita mia moja. Ukishakunywa chai ya asubuhi unapita Mwandiga, unaiacha Kalinzi na kahawa yake, na kabla watoto hawajaanza kuuliza "tumefika?" mmefika kweli. Sisi hiyo safari ilituchukua wiki saba. Barabarani tulikaa siku moja tu, kwenda. Zilizobaki niliziishi kwenye mabenchi, bahasha ya kaki mapajani.

Wifi yangu anakaa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili kinatosha toka sokoni hadi msikitini. Tulitaka kwenda polepole, watoto watatu nyuma, tusimame popote ziwa linapopendeza. Mume wangu alianza na gari: akabadilisha matairi, akapima breki. Mimi nikaanza na orodha ya vyakula. Wote wawili tulianza mwisho.

Vyeti vya kuzaliwa

Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, hata wa kubebwa mgongoni. Wale akina mama wa vijijini unaowaona wakivuka kwenda gulioni na kurudi, usijilinganishe nao. Wewe unaingia nchi ya watu na gari, unalala huko. Na hati ya mtoto haiombwi bila cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali si cheti, hata kama umelipiga laminesheni.

Sasa chukua vyeti vyote vya watoto, vitambulisho vya taifa (vya NIDA) vya baba na mama, uvitandaze mezani. Soma majina herufi kwa herufi, na kidole juu yake. Nasema hivi kwa sababu mume wangu kwenye NIDA ni Ramadhan. Cheti cha mtoto wa kwanza kinasema Ramadhani, cha wa pili Ramadhan, cha wa tatu Ramadhani tena. Aliyeandika aliandika tunavyotamka, na mimi niliyepokea sikusoma. Dada wa dirishani pale Uhamiaji aliviweka sambamba, akaniangalia, akasema bila kutabasamu: "Mama, kwa karatasi hizi watoto wako wana baba wawili."

Nilikimbilia kwa wakili nikala kiapo kwamba Ramadhan na Ramadhani ni mtu mmoja, nikagongewa mhuri mwekundu mzuri kabisa. Dada yule alikisoma chote, akakikunja, akanirudishia. Alitaka cheti kilichosahihishwa. Huenda ukakutana na anayekubali kiapo, ndiyo maana nashauri ukaulize kwanza kabla ya kumlipa wakili. Mimi nililipa kwanza.

Marekebisho ya cheti yanafanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na kwa wilayani unaanzia kwa msajili aliye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hapa tena nilijifunga mwenyewe. Mtoto wa kwanza nilimzalia kwa mama yangu Kasulu, na cheti chake kilitoka Kasulu, lakini mimi nilipanga foleni Kigoma mjini asubuhi nzima kabla ya kuambiwa nirudi kulikoandikishwa. Angalia juu ya cheti imeandikwa wilaya gani, ndipo upande gari. Beba cheti halisi, kadi ya kliniki, kitambulisho cha baba, na vivuli vya kila kimoja, viwili viwili. Mashine ya fotokopi huwa ng'ambo ya barabara, na umeme hukatika ukishafika kwenye mashine.

Pasipoti

Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unachapa fomu, unaipeleka ofisini pamoja na mtoto. Pasipoti moja ni shilingi 150,000, na elfu ishirini kati ya hizo unailipa mwanzoni kwa ajili ya fomu. Kwa watoto watatu piga mwenyewe: 450,000, nusu ya ada ya shule. Ipo pia Hati ya Dharura ya Safari, bei yake ni nafuu zaidi, lakini ni ya safari moja. Kwa yule mdogo ambaye sura yake itabadilika kabla ya Idi ijayo, ningemchukulia hiyo. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshalipa.

Usimwachie kijana wa steshenari ajaze peke yake huku wewe unanunua nyanya. Wa kwetu alijaza haraka, akaandika Ramadhani kwa wote watatu, tukalipa. Ilibidi tuanze upya na fomu mpya, na elfu ishirini mara tatu zikaenda. Kaa naye, msomee herufi, mwombe akuoneshe kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Picha ziwe na mandhari ya bluu hafifu. Mpiga picha wetu alisema nyeupe inakubalika popote duniani. Basi hapa si popote duniani.

Barua ya ridhaa ya wazazi iandikwe na iambatane na vivuli vya vitambulisho vyao. Kama mzazi mmoja tu ndiye atakayesafiri na watoto, yule anayebaki naye aandike yake, na hiyo uwe nayo hadi mpakani. Halafu jiandae kwa maswali ya asili. Mkoa wetu uko mpakani, na Kiha na Kirundi vinaelewana kiasi kwamba ukisalimia vibaya unaonekana wa ng'ambo. Jua babu wa mtoto alizaliwa kijiji gani, nenda na cheti chake au cha bibi kama kipo. Mama mkwe alikuja mwenyewe na kanga mbili, akajibu maswali yote pamoja na ambayo hakuulizwa, tukatoka upesi kuliko siku zote.

Kadi mbili za njano

Hapa watu wengi huchanganya. Kadi ya njano ya kwanza ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hii haimo kwenye zile za kawaida za kliniki, kwa hiyo kadi ya kliniki iliyojaa mihuri haikusaidii. Mtoto aliye chini ya miezi tisa hachanjwi. Na muhimu kuliko vyote, cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanja Jumatano ili usafiri Jumamosi umejichoma bure. Faida ni kwamba tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, kwa hiyo ile kadi yako ya zamani usiitupe.

Kadi ya njano ya pili ni ya gari, bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima imebaki, na Burundi imo. Inakatwa juu ya bima yako ya hapa nyumbani. Wakala mmoja alimhakikishia mume wangu kwamba kwa kuwa tuna bima kubwa, "inafika popote". Bima kubwa yako inaishia mpakani. Omba kadi yenyewe, usome kama Burundi haijafutwa kwenye orodha ya nchi na kama tarehe zinatosha hadi siku ya kurudi.

Kadi ya gari iwe halisi. Kama bado ina jina la aliyekuuzia, na najua wengi wenu ndivyo ilivyo, mtafute akuandikie barua ya kukuruhusu kutoka na gari nje ya nchi, ipigwe mhuri wa wakili. Huyu wakili sasa ana faida.

Mpakani na mbele yake

Jaza tangi upande wetu. Burundi mafuta yamekuwa ya shida kwa miaka, na madumu ya petroli kwenye buti yatakufanya uhojiwe kama mfanyabiashara. Badili fedha kidogo tu kwanza. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari: soma siku ngapi, kihifadhi, maana kinarudishwa mkitoka. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukifika saa mbili kamili kwa saa yako, kwao ni saa moja.

Huko wanaendesha kulia. Usukani wetu uko kulia pia, kwa hiyo dereva haoni mbele akitaka kulipita lori. Nilikaa kushoto nikawa jicho: "Subiri... subiri... sasa." Kutoka Mabanda mnashuka hadi Nyanza-Lac, ziwa linatokea mkono wa kushoto na halitoki tena mpaka Bujumbura. Tulisimama Rumonge, mji wa mawese kama kwetu. Watoto wakaletewa samaki wa kuchoma anayeitwa mukeke. Wa pili akamgeuza, akamtazama mdomo, akasema, "Mama, huyu si mgebuka?" Ndiye. Kuhusu kuogelea, uliza wenyeji kwanza, jioni viboko hutoka majini.

La mwisho. Mkigonga mihuri, fungueni pasipoti zote papo hapo mhesabu. Mdogo wetu alikuwa amelala kwenye gari, pasipoti yake ikabaki kwenye mkoba wangu. Tuligundua siku ya kurudi kwamba sisi wanne tuliingia Burundi, na yeye, kwa karatasi, alikuwa bado Kigoma.