Kupokea Ujumbe wa Kerneli kutoka Seva Nyingine kwa Netconsole, Bila Kuzima Seva

Seva inapoganda ghafla, mistari ya mwisho ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ndiyo inayoeleza chanzo, na ndiyo hiyo hiyo inayopotea, kwa kuwa mara nyingi kerneli iliyoanguka haiwahi kuiandika kwenye diski. Kwa sisi tunaotunza mashine za ofisi hapa Bukavu, ambako seva hufungiwa chumbani bila skrini na umeme huweza kukatika kabla mtu hajafika kusoma, hasara hiyo ni kubwa. Netconsole, moduli ya Linux iliyoanzishwa na Ingo Molnar mwaka 2001, hutuma mistari hiyo hadi kompyuta nyingine kwa pakiti za UDP, yaani vifurushi vya mtandao vinavyotumwa bila kusubiri uthibitisho. Vigezo vyake vinaweza kutolewa wakati wa kupakia moduli, lakini napendekeza njia ya configfs, yaani saraka maalumu ambamo mipangilio ya kerneli huandikwa kama mafaili, kwa sababu inakuruhusu kuongeza, kubadili na kuondoa mpokeaji huku seva ikiendelea na kazi.

Kwanza andaa kompyuta ya kupokea. Hakikisha ukuta wake wa moto unaruhusu UDP kwenye poti 6666, kisha uiache isikilize kwa nc (netcat), programu ndogo ya kutuma na kupokea data mtandaoni:

nc -u -l 6666

Matoleo mengine ya nc hudai `-l -p 6666`. Kwenye seva, ukiwa mtumiaji mkuu, pakia moduli na uunde saraka. Kuunda saraka ndiko kunakozaa mpokeaji mpya (hapa nimemwita `ibanda`, jina la mtaa wetu; chagua lako):

modprobe netconsole
mkdir /sys/kernel/config/netconsole/ibanda
cd /sys/kernel/config/netconsole/ibanda
echo eth0 > dev_name
echo 192.168.1.10 > local_ip
echo 192.168.1.20 > remote_ip

Badilisha `eth0` na anwani hizo ziwe za mtandao wako. Sasa inabaki anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao ya mpokeaji, na hapa nakusihi usiharakishe. Usipoijaza, netconsole hutumia ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani kila mstari unatangazwa kwa mashine zote za mtandao huo na kuzibebesha mzigo usiozihusu. Piga `ping` kwa mpokeaji, soma MAC yake kwa `ip neigh show 192.168.1.20`, kisha uiandike kwenye `remote_mac`. Mpokeaji akiwa katika mtandao mwingine, MAC inayotakiwa ni ya rauta inayoelekea huko, kwa sababu netconsole haijitafutii njia. Mwisho washa:

echo 1 > enabled

Mambo yakienda sawa, `dmesg`, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, itaonyesha `netconsole: network logging started`. Amri ikikataliwa, mara nyingi ni kwa sababu kifaa cha mtandao hakikubali netpoll, njia ya kerneli ya kutuma pakiti ambayo netconsole huitegemea. Hilo ni jambo la kawaida kwa Wi-Fi, hivyo tumia kebo.

Kabla ya kuamini kwamba kazi imekamilika, pandisha kiwango cha ujumbe kwa `dmesg -n 8`, kwani netconsole hufuata kiwango cha konsoli (skrini ya ujumbe wa kerneli) na mistari mingi isiyo ya dharura ingeachwa. Kisha jaribu:

echo "<4>jaribio kutoka Ibanda" > /dev/kmsg

Mstari huo unapaswa kutokea papo hapo kwenye kompyuta ya pili.

Ukitaka kubadili anwani baadaye, kwa mfano mpokeaji akihamishiwa ofisi ya Kadutu, mtaa mwingine wa Bukavu, zima kwanza kwa `echo 0 > enabled`, andika thamani mpya, kisha uwashe tena. Ukiandika kabla ya kuzima utapata `Invalid argument`, jibu lisilosema lolote la maana, ila `dmesg` inaeleza wazi kwamba mpokeaji bado amewashwa. Kumwondoa kabisa ni `rmdir` ya saraka yake, ukiwa umetoka ndani yake.

Seva zikiwa nyingi, weka 1 kwenye `extended` kabla ya kuwasha, ili kila mstari ubebe kiwango, namba ya mfuatano na wakati. Namba ya mfuatano ina thamani kubwa, kwa kuwa UDP haihakikishi kufika na pengo kati ya namba ndilo litakalokuonyesha kilichopotea njiani.

Pakiti hizi hazifichwi kwa namna yoyote, hivyo zibaki ndani ya mtandao wa ofisi. Na kwa kuwa saraka za configfs huishi kwenye kumbukumbu tu, amri zote, pamoja na `dmesg -n 8`, ziwekwe katika skripti inayoendeshwa na systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, baada ya mtandao kuwaka, la sivyo umeme ukirudi seva itawaka bila mpokeaji hata mmoja.